Lihafu Juu ya Bomba

Tone la kwanza Wajiha alilisikia kabla hajaliona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda gerejini, anapepeta mchele, mara nyuma yake kitu kikadondoka sakafuni: ta. Akageuka. Kwenye saruji palikuwa na doa la maji, dogo kama kifungo cha shati. Akainua macho, na hapo hapo akajua maji yale yametoka wapi, na nani aliyeyaleta.

Gereji ile haikuwa ya gari. Katika nyumba yao ya Rexdale, huko ughaibuni karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege hushuka chini kiasi cha kutetemesha vikombe kabatini, gari la mumewe Reza lililala nje kwenye theluji, na gereji ilikuwa ufalme wa mama mkwe wake, Khatijabai. Humo ndimo alimokaanga bhajia na samaki ili nyumba isinuke mafuta. Humo yalikaa magunia yake ya mchele, na masufuria ya kupikia niyazi, chakula kinachogawiwa baada ya majlisi ya maombolezo, makubwa ya kutosha kumwogeshea mtoto. Na humo, kila baridi ilipokaribia, uliingizwa mti wake.

Ulikuwa mti wa limdo, yale majani madogo yanayotupwa kwenye mafuta ya moto yakalia, na mchuzi ukanukia mpaka barabarani. Marehemu Sadru, mume wa Khatijabai, aliuotesha kwa mbegu mara tu walipohamia kutoka Tanga. Miaka ilivyokwenda ukawa mrefu kumpita yeye. Kwa ajili yake alinunua hita ya gesi, akapanda ngazi mwenyewe, akaitundika karibu na dari, akalipitisha bomba lake la moshi la bati kandokando ya ukuta wote wa baridi mpaka nje. Watu walimcheka: mtu anauwashia mti moto! Yeye akawajibu kwamba mkewe akikosa limdo atarudi Tanga kwa miguu. Sadru sasa alikuwa kaburini, lakini hita iliwaka, na hapakuwa na niyazi iliyopikwa katika jamaa yao bila mtu kuja na mkasi kwa Khatijabai.

Bomba lile lilikuwa limenyooka, likiinamia nje kidogo tu. Sasa katikati lilikuwa limelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Wajiha ndiye aliyeligeuza kamba ya kuanikia nguo.

Ilikuwa Ijumaa iliyotangulia. Aliamka akakuta amechafua lihafu. Na halikuwa lihafu la dukani. Lilikuwa blanketi nene la kijani, lililojazwa pamba, lililoshonwa kwa mkono na mama yake Khatijabai, na Khatijabai alimkabidhi mwenyewe siku alipofika kutoka Tanga, bi harusi aliyekuwa hajui hata kuvaa soksi mbili mbili. "Reza alilazwa ndani ya hili siku ya arobaini yake," alimwambia. "Na wako atalazwa humu, inshallah." Wajiha aliinamisha kichwa, akashukuru. Tangu siku hiyo kila mwezi ukaja na kupita, na Khatijabai hakuuliza hata mara moja. Alitazama tu. Alimtazama akishuka ngazi asubuhi, akatazama sahani yake, akatazama kama amekataa chai. Wajiha alikuwa msichana wa haya, mtu wa kujibu kwa kichwa kuliko kwa mdomo, na macho yale yalimchoma kuliko maneno. Hata siku asizosali alijifungia chumbani kwake na mswala, ili asionekane hakusali.

Basi akangoja mama na mwana waende kwenye sala ya Ijumaa. Akalifua lihafu bafuni kwa maji ya moto, akasugua mpaka vidole vikawa vyekundu. Kisha akasimama nalo, linachuruzika, hajui pa kulipeleka. Mashine ya kukaushia ingelichana pamba yote. Nje lingeganda likawa ubao. Ndipo akakumbuka bomba la gerejini, jinsi lilivyo na joto. Akapanda juu ya magunia ya mchele, akalirusha.

Lihafu la pamba likiloa lina uzito wa mtu aliyelala. Bomba lilipolipokea, kitu kikasema ka! Mkanda wa bati uliolishikilia darini ukachomoka upande mmoja, ukabaki unaning'inia. Wajiha aliuona. Akajiambia labda ulikuwa hivyo tangu zamani. Unajua mtu anavyojiambia. Waliporudi alikuwa ameshalitandika, katikati bado bichi, na usiku huo alilala chini ya unyevu ule bila kujigeuza. Doa lenyewe halikutoka. Liligeuka rangi ya chai, likakaa.

Na sasa maji yalikuwa yanadondoka.

Angesema siku ile, yangekwisha siku ile. Lakini kusema bomba kungemtaka aseme lihafu, na kusema lihafu kungemtaka aseme damu. Akachukua beseni, akalisukuma nyuma ya magunia chini ya pale palipovuja, akatandika kitambaa ndani ili matone yasipige kelele.

Kila asubuhi alikuta maji. Hangeweza kupita na beseni jikoni, maana Khatijabai alikuwa hapo na chai yake, lango kubwa la gereji lilinguruma likifunguliwa, na maji ya kumwaga nje ya mlango mdogo wa pembeni yangeganda pale pale yakamsema. Lakini chungu cha mti kilikuwa hatua chache tu. Maji yenyewe yalikuwa meupe, yanapendeza, ila yalinuka kidogo kama msumari. Akayamwaga kwenye mti. Siku ya pili vile vile. Ikawa kazi yake.

Kisha majani yakaanza kuanguka.

Mwanzo yalikuwa mawili matatu, ya njano kwenye ncha. Baadaye akawa anakuta vijiti vizima vimejimwaga sakafuni, majani yake bado ya kijani. Aliyaokota haraka, akayatia mfukoni mwa gauni, akaenda kuyaficha chooni ndani ya karatasi. Akakigeuza chungu ili upande mwembamba utazame ukuta. Baada ya siku chache akakigeuza tena. Ikafika mahali pakawa hakuna tena upande wa kugeuzia.

"Nimeuua," alijisemea, mkono ukiwa mfukoni umejaa majani. "Nimeulisha sumu kwa mikono yangu." Akaacha kumwagia mti yale maji. Akawa anayabeba kwenye sufuria yenye mfuniko, kama mtu anayepeleka mchuzi, anapita jikoni, anasalimia, anakwenda kuyamwaga chooni. Lakini majani hayakujua kwamba ameacha. Yaliendelea kuanguka.

Jirani yao Bilkis, mzaliwa wa Mombasa, mwanamke ambaye ulimi wake ulitangulia viatu vyake kuingia ndani ya nyumba, alikuja na mkasi Alhamisi moja. Siku za msiba wa Bibi Fatima, binti Mtume, zilikuwa zinakaribia na alitaka limdo la niyazi. Khatijabai alikuwa amekaa mkekani karibu na mti, tasbihi mkononi. Wajiha alikuwa anamenya mbaazi mbichi.

"Khatija!" Bilkis alisimama katikati ya gereji. "Mti wako umeota upara! Umekuwa kama mume wangu Shaukat. Nywele tatu, na zote anazichana."

"Ni baridi," Khatijabai alisema.

"Baridi gani, na humu jasho linanitoka? Au na wenyewe umeufungisha saumu?"

Khatijabai akacheka, kisha akashika paji la uso. "Usinichekeshe. Kichwa kinanigonga."

"Kitakosaje kukugonga? Kila Jumatatu na Alhamisi umefunga. Mtu wa umri wako anamdai Mungu nini?"

"Nina yangu na Mungu wangu." Khatijabai akamtupia jicho Wajiha, mara moja, akaliondoa. "Na si kitu. Ni chai tu inanidai. Nikipanda juu kusali kinapoa chenyewe. Baraka ya sala."

Wajiha alikuwa ameinama kwenye mbaazi zake. Tangu asubuhi moyo ulikuwa unamchafuka, na sasa harufu ya mafuta ya jana kwenye karai ikampanda kooni. Akaziweka mbaazi chini, akafungua mlango mdogo wa pembeni, akatapika kwenye theluji.

Aliporudi wanawake wote wawili walikuwa wanamtazama.

"Ehe," Bilkis alisema polepole. "Na hiyo nayo ni saumu?"

"Ni harufu ya mafuta, Masi," Wajiha alisema, akimwita kama mama mdogo.

"Harufu ya mafuta! Mimi Dilawar wangu alianza kwa harufu ya mafuta. Miezi mitatu namfukuza Shaukat jikoni na samaki wake." Akageuka. "Khatija, mbona unalia, mwanamke wewe?"

Khatijabai aliinuka, akapepesuka kidogo, akamwendea Wajiha, akaliokota bakuli la mbaazi sakafuni na kuanza kuzimenya mwenyewe.

Tangu siku hiyo Wajiha hakuruhusiwa kuinua hata kindoo. Alitengewa yai. Alipelekewa blanketi. Kwenye simu alimsikia Khatijabai akiongea na dada yake wa Tanga kwa sauti ya kunong'ona ambayo ingesikika mpaka barabara ya Kipling: "Bado, bado, usimwambie mtu." Reza akirudi kutoka zamu ya ghala alimwangalia mkewe kwa aibu na furaha, hajui aulize nini. Na Wajiha hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Siku zake zilikuwa karibu, hazijafika. Alitaka iwe kweli. Alijilaza usiku akiomba iwe kweli, maana ikiwa kweli, hakuna atakayejali bomba, wala mti, wala lihafu. Hata alipokuwa anaomba alijua kwamba anamtumia mtoto ambaye hajaja amfichie kosa.

Jumatatu asubuhi akaona damu.

Alikaa chooni mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akajiosha, akavaa, akashuka, akaingia gerejini kwa sababu beseni lilikuwa halijamwagwa. Khatijabai alikuwa tayari yuko humo, mgongo ameuegemeza kwenye gunia, simu pembeni inatoa sauti ya mawaidha. Wajiha alipita nyuma kimya. Alipoinama kwenye beseni, moyo ukamchafuka vile vile, kama siku ya mbaazi. Kichwa kikamzunguka.

Akabaki ameinama. Sina mtoto, akawaza. Kama sina mtoto, hiki ni nini?

Akatazama dirisha dogo la gereji. Lilikuwa limelowa jasho kutoka juu mpaka chini. Akatazama mti, ambao hakuumwagia tone wiki nzima, na chini yake majani mapya yaliyoanguka asubuhi ile ile. Akatazama juu, kwenye tumbo la bomba, akaona kiungo kimefunguka, na ukingo wake mweusi unatoa ukungu mwembamba wa joto, hauna rangi, unaonekana tu kwa jinsi dari nyuma yake ilivyokuwa inacheza. Kichwa cha Mama kinapoa akipanda juu, akawaza. Na changu pia.

"Mama," alisema.

Simu ikaendelea na mawaidha.

"Mama!"

Khatijabai alikuwa ameinamisha kidevu kifuani. Tasbihi ilikuwa imemtoka vidoleni. Midomo yake ilikuwa myekundu kama ya bi harusi.

Wajiha hakujua alipata wapi nguvu. Aligonga kitufe cha lango kubwa, likainuka linanguruma, baridi ikaingia kama ng'ombe. Akamshika mama mkwe wake chini ya makwapa, akamkokota juu ya mkeka mpaka nje, mkeka na yeye, akamweka kwenye theluji na kumpiga mashavu. "Mama, vuta pumzi. Humo ndani hewa ni mbaya, tafadhali, vuta pumzi."

Khatijabai akafungua macho. Akamtazama Wajiha, akatazama gereji iliyokuwa wazi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumsukuma kwa mkono dhaifu.

"Ondoka karibu na humo," alisema. "Hewa mbaya. Una mtoto."

"Mama, tulia kwanza."

"Mtoto, Wajiha! Nenda mbali! Mimi niache."

Mtu aliyekuwa anakufa alikuwa anamsukuma aende mbali kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwapo. Wajiha akapiga magoti kwenye theluji.

"Hakuna mtoto, Mama. Leo asubuhi nimeona. Hakuna."

Khatijabai akafumba macho tena, na Wajiha akaogopa kuliko mara ya kwanza.

Wazima moto walikuja, kisha gari la wagonjwa. Hospitalini waliwavalisha wote wawili vifuniko vya kupumulia, vitanda viwili vimetenganishwa na pazia, na Wajiha alisikiliza pumzi ya mama mkwe wake upande wa pili mpaka jioni. Walirudi nyumbani wakiwa wazima.

Kesho yake alikuja fundi wa gesi, kijana anayeitwa Navroz, mzaliwa wa hapa hapa, wazazi wake watu wa Mwanza. Alishusha bomba, akaliinamisha juu ya beseni, yakamwagika maji mekundu ya kutu.

"Gesi ikiungua inatoa mvuke," alisema. "Bomba likiwa na baridi, mvuke unageuka maji. Kama mfuniko wa sufuria ya wali, Mama. Yanatakiwa kuteremka yatoke nje. Haya yamekaa hapa tumboni, yamekula bati. Moshi umekosa njia, umerudi ndani. Na moshi wake ni sumu isiyo na harufu." Akauinua mkanda uliochomoka. "Nani alifunga hii?"

Reza alikuwa amesimama na mikono kiunoni. Hakuwa amelala. "Baba," alisema. "Nani mwingine? Nilimwambia aite fundi. Hakusikia. Yeye ndiye seremala, yeye fundi umeme, yeye kila kitu. Angalia sasa. Amekufa na bado karibu atuue."

"Reza," mama yake alisema.

"Ni kweli, Ma! Nikisema uongo niambie."

Khatijabai alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, shali mabegani. Alitazama tu lile bomba sakafuni, lililofungwa na mikono aliyoijua, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyeletewa msiba wa mume wake mara ya pili.

Wajiha alikuwa jikoni na trei ya chai. Angeweza kuiweka chini na kwenda zake. Mkanda haukuwa na jina. Marehemu hawezi kujitetea, na fundi alikuwa tayari anaandika alichokuwa anaandika.

"Si Baba," alisema.

Ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Wote watatu wakageuka. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, hata yeye mwenyewe.

"Baba alifunga vizuri. Ni mimi. Nilianika lihafu juu yake. Lihafu la pamba, limeloa. Mkanda ukachomoka, nikauona. Maji yalipoanza kudondoka nikaweka beseni, nikaficha. Mti nao, majani nilikuwa naokota naficha." Akasogea na trei mpaka mlangoni. "Si Baba."

Navroz alitazama bomba, akatazama sakafu, mtu aliyejikuta kwenye ugomvi wa nyumba isiyo yake. "Bomba lilikuwa refu kidogo kwa ukuta wa baridi," alisema polepole. "Lingeleta maji hata hivyo. Lakini ndiyo. Kuna kitu kizito kililivuta."

Reza akasema, "Lihafu? Kwa nini hukusema tu?" Khatijabai hakuuliza. Aliinuka akishika ukuta, akampita Wajiha mlangoni, akapanda juu.

Siku zilizofuata Khatijabai hakumgombeza. Angemgombeza, Wajiha angepumua. Alimwambia tu "leta chumvi", "zima moto", kana kwamba anazungumza na jiko lenyewe. Daktari alikuwa amemkataza kufunga, na ilipofika Jumatatu alikunywa chai yake polepole huku ameugeuzia uso ukuta. Mti ulihamishiwa sebuleni dirishani, vijiti vitupu ndani ya chungu. Kila aliyeingia alijifanya hauoni. Majlisi ya Bibi Fatima ilipikiwa majani makavu ya pakiti. Wajiha alizunguka na sahani, akaona wanawake wanakula. Hakuna aliyesema chakula ni kibaya, na hakuna aliyeomba cha kupeleka nyumbani.

Asubuhi moja, Reza akiwa kazini, Khatijabai akasema, "Leta lihafu."

Wajiha akalileta. Mama mkwe wake alilitandaza mapajani, akalipata lile doa mara moja, kana kwamba ameonyeshwa.

"Ulilifua kwa maji gani?"

"Ya moto, Mama."

"Ya moto." Akatikisa kichwa. "Halafu ukaenda ukalikaanga juu ya bomba. Damu ukiipa moto inaganda hapo hapo. Mama yako hakukufundisha?"

"Niliona haya kumuuliza."

"Wewe unamwonea haya kila kiumbe." Akapitisha kidole juu ya mshono. "Marehemu aliwahi kuninunia siku mbili kwa sababu nilianika soksi pale bombani. Soksi, Wajiha. Za mtoto. Wewe umekwenda kuanika lihafu zima."

Wajiha hakujua kama acheke. Hakucheka.

"Mama, zile funga ulizokuwa unafunga. Zilikuwa kwa ajili yangu?"

"Hiyo nadhiri ni yangu mwenyewe." Khatijabai akalikwaruza doa kwa ukucha. "Nilikuwa nakutazama. Kila mwezi. Nilidhani huoni."

"Nilikuwa naona."

"Ndiyo. Sasa najua." Akainuka. "Lete chumvi na maji ya baridi. Na hiyo ndimu."

Walilisugua pamoja, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Doa lilififia, halikwisha. Wakaliweka juu ya migongo ya viti viwili sebuleni, karibu na mti, sehemu iliyoloa ikitazama mlango, wakakaa mezani kumenya vitunguu.

Bilkis akaingia bila kubisha.

"Haa!" Akasimama mbele ya lihafu. "Nani kakojoa humu?"

Wajiha akafungua mdomo. Alikuwa amejiapia kwamba hataacha tena mtu mwingine abebe lake. Lakini chini ya meza mguu wa Khatijabai ulitua juu ya wake, ukakandamiza kwa kisigino.

"Mimi," Khatijabai alisema, akikata kitunguu. "Uzee. Ngoja zamu yako."

Bilkis alicheka mpaka akashika mlango. Akaenda akamsimulia Shaukat, na Shaukat hajawahi kukaa na siri hata kwa mwendo wa kufika barabarani. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imeshatangulia imambara, ukumbi wao wa majlisi. Khatijabai alishuka garini akaingia kichwa juu, akiwasalimia wanawake mmoja mmoja, na walipomwona walifunika midomo kwa ncha za mitandio. Wajiha alikuwa nyuma yake amembebea mkoba, na kila cheko lililompita yule mama bila kumgusa lilimfikia yeye, likakaa.